Mtaalamu wa Kigeni na Mhamiaji Haramu: Mizani Mbili Kusini mwa Afrika

Lugha ya ofisini ina hila zake. Mhandisi akitoka London, akapanga nyumba Sandton na kufungua ofisi ya ushauri yenye karani mmoja na dereva mmoja, huitwa mtaalamu wa kigeni. Mwalimu wa hesabu akitoka Masvingo, akavuka mto Limpopo pale Beitbridge na kuomba kazi katika shule ambayo darasa lake limekaa muhula mzima bila kuliona somo hilo, huitwa mhamiaji. Muhuri wa pasipoti yake ukipitwa na siku moja, huongezewa sifa ya pili: haramu. Wote wawili wameacha kwao. Wote wawili wanatafuta riziki katika nchi ya watu wengine. Kama ingepimwa haja ya nchi iliyowapokea, mwalimu angetangulia. Lakini haipimwi haja. Hupimwa mfuko, na nyuma ya mfuko hutazamwa rangi ya jalada la pasipoti.

Watakuwapo watakaosema kwamba hayo ni majina tu, na jina halimzuii mtu kufanya kazi. La hasha! Neno likishaingia katika fomu ya serikali huacha kuwa neno, huwa kizingiti.

Sheria ya Uhamiaji ya Afrika Kusini ya mwaka 2002, pamoja na kanuni zake za mwaka 2014, humtaka mgeni anayetaka kuanzisha biashara aonyeshe mtaji wa randi milioni 5 uliothibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa, na ahakikishe kwamba watu wasiopungua 60 katika kila 100 atakaowaajiri ni raia au wakaazi wa kudumu. Waziri ana uwezo wa kuupunguza mtaji huo kwa shughuli zinazohesabiwa kuwa na manufaa makubwa kwa taifa. Sharti la ajira ni sharti jema, na kila nchi inayojiheshimu inastahili kuwa nalo. Lakini milioni 5! Fundi cherehani wa Blantyre anahitaji cherehani mbili, pasi, meza na chumba cha kupanga. Kinyozi wa Kigoma anahitaji kiti, kioo na mashine ya kunyolea. Hakuna kinyozi aliyewahi kuanza na randi milioni 5, na aliye nazo hatanyoa mtu. Sheria haikumkataza kinyozi kwa jina. Imemsimamishia ngazi isiyo na vipandio vya chini, kisha ikamwambia apande.

Matokeo yake anayajua kila askari wa doria mjini Johannesburg. Kinyozi hunyoa vivyo hivyo, bila kibali, na nusu ya kazi yake huwa ni kuuangalia mlango. Wengine huomba hifadhi ya ukimbizi wasiyoistahili, kwa kuwa kwa miaka mingi karatasi ya mwomba hifadhi ndiyo karatasi pekee ambayo maskini aliweza kuipata ikamruhusu kufanya kazi. Waombaji wa aina hiyo wakijaa, mkimbizi wa kweli aliyekimbia risasi huko Kongo hukaa kwenye foleni miaka. Mfumo uliomfungia mtu mlango wa haki humfundisha uongo, halafu humshitaki kwa uongo aliofundishwa.

Kwa mwenye nacho mambo ni mepesi zaidi. Sheria hiyo hiyo imeweka njia ya ukaazi wa kudumu kwa mtu anayeonyesha kwamba ana mali ya randi milioni 12 na aliye tayari kulipa ada ya randi 120,000 ombi lake likikubaliwa. Haulizwi anajua kazi gani. Mwaka 2024 ikaongezwa viza kwa mgeni anayemfanyia kazi mwajiri aliye ng'ambo kwa njia ya intaneti, mradi mapato yake yapite randi 650,000 kwa mwaka. Huyo hukaa Cape Town, akatazama bahari, akatuma ripoti zake Berlin au Amsterdam. Hakuna ubaya katika hilo. Hamwibii mtu, na muuza kahawa hupata senti. Ila inafaa iulizwe kwa nini mgeni ambaye kazi yake yote iko Ulaya ametafutiwa kifungu chake cha sheria kwa uangalifu namna hiyo, ilhali mtu ambaye kazi yake iko pale pale, katika mashamba ya machungwa, majengoni, jikoni na madarasani, ameachwa aishi kwa msamaha.

Neno msamaha halikutumiwa ovyo. Tangu mwaka 2009 Wazimbabwe walioko Afrika Kusini wamekuwa wakiishi kwa vibali maalumu vilivyobadilishwa majina mara mbili. Watu wapatao 178,000 walikuwa navyo serikali ilipotangaza mwishoni mwa mwaka 2021 kwamba haitavihuisha tena. Tangu hapo mwisho wake umekuwa ukisogezwa mbele, mara kwa amri ya waziri, mara kwa sababu ya mahakama, miezi sita, mwaka, mwaka na nusu. Masharti ya kibali hicho husema wazi kwamba mwenye nacho hatapata haki ya ukaazi wa kudumu hata akae miaka mingapi. Miaka 15 ya kufundisha fizikia haifiki uzito wa hati moja ya benki! Mtoto aliyezaliwa huko mwaka 2010 amekwisha kuingia sekondari, na baba yake hajui kama atakuwapo nchini siku ya mtihani wa mwisho.

Inafaa isemwe ni watu gani hao. Fedha ya Zimbabwe ilipooza mwaka 2008, na Januari 2009 ikachapishwa noti ya dola trilioni 100, maelfu ya walimu waliacha chaki zao. Mshahara wa mwezi ulikuwa haulipi nauli ya kwenda kuuchukua. Baadhi yao walipata madarasa kusini ya mto, hasa katika hesabu na sayansi. Wengi hawakupata. Watu waliokuwa na shahada walichuma nyanya katika mashamba ya Musina, walihudumu mezani, walilea watoto wa matajiri wa Pretoria. Mwalimu anayesoma habari hizi, akikumbuka miaka aliyokaa chuoni, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Na aliyetaka kufundisha kwa halali alikuta milima. Vyeti vyake vilipaswa kupimwa upya na mamlaka ya sifa za elimu, kisha jina lake liandikishwe katika baraza la walimu, kisha iletwe hati ya polisi kutoka kila nchi alikoishi, kisha viza. Kila karatasi ina ada yake na foleni yake, na kila moja ina tarehe ya kufa. Yule wa kwanza hufa kabla wa nne hajazaliwa.

Historia ina kejeli zake katika jambo hili. Mwaka 1870 kijana wa Kiingereza wa miaka 17, dhaifu wa kifua, alishuka bandarini Durban kumfuata kaka yake aliyekuwa akilima pamba Natal. Kijana huyo hakuwa na mtaji wa milioni 5, wala hati ya mhasibu, wala cheti cha daktari ambacho leo kingemkubalia kuingia. Pamba ikamshinda, akaenda Kimberley kuchimba almasi. Jina lake Cecil Rhodes. Kufikia mwaka 1888 alikuwa mwanzilishi wa kampuni ya De Beers, na kufikia 1890 alikuwa waziri mkuu wa Koloni la Rasi. Mwaka 1894 serikali yake ilipitisha Sheria ya Glen Grey, iliyowatoza Waafrika wa wilaya hiyo shilingi 10 kwa mwaka kila mwanamume asiyetoka kwenda kufanya kazi ya ujira. Mgeni alikuja kutafuta maisha, akaishia kuwatoza wenyeji kodi kwa kosa la kukaa kwao. Hakuna aliyemwita mhamiaji wa kiuchumi. Nchi mbili nzima ziliitwa kwa jina lake.

Dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand mwaka 1886 ilikuwa ardhini kina kirefu, imetawanyika katika jiwe gumu, na faida yake ilitegemea kitu kimoja: mikono ya bei rahisi. Mwaka 1900 wenye migodi waliunda chama chao cha kuandikisha wafanyakazi, ambacho watu wa nchi sita walikuja kukiita Wenela. Kilichukua vijana wa Msumbiji, Nyasa, Basutoland, hata vijana wa Tukuyu katika Tanganyika, hadi serikali ya uhuru ilipoufunga mlango huo. Mkataba ulikuwa wa miezi, mke haruhusiwi, kulala ni bwenini, mwisho wa mkataba kurudi. Kule Nyasa walioondoka wasirudi waliitwa machona, waliopotea. Kwa Msumbiji, Ureno ilipatana na Afrika Kusini mwaka 1928 kwamba sehemu ya ujira wa mchimbaji izuiliwe hadi arudi kwao. Baadaye Lisbon ikawa inapokea fedha hizo kwa dhahabu ya bei rasmi na kuiuza kwa bei ya soko, na mchimbaji akalipwa noti za koloni. Mfano ulio wazi kuliko huo wa mirija ya kunyonyea ni vigumu kuupata! Aprili 1974 ndege ya Wenela iliyowachukua wachimbaji kuwarudisha Malawi ilianguka Francistown na kuua zaidi ya watu 70. Ndipo Rais Banda, aliyekuwa rafiki wa Pretoria kuliko jirani yeyote, alisimamisha uandikishaji kwa muda.

Wachimbaji waliorudi wazima walirudi na vumbi la jiwe katika mapafu. Mwaka 2018, baada ya kesi ndefu, kampuni kubwa za dhahabu zilikubali kulipa fidia inayoweza kufikia randi bilioni 5 kwa waliougua silikosisi au kifua kikuu kutokana na kazi za tangu mwaka 1965, pamoja na warithi wa waliokwisha kufa. Wengi wa wanaodai wako Lesotho, Msumbiji na Malawi, katika vijiji ambako hakuna hata mashine ya kupigia picha ya kifua. Ukanda mzima umekwisha kuweka mtaji wake Johannesburg, na ulioweka ni mapafu. Mjukuu wa aliyeweka mtaji huo akija leo kuuza soksi katika mtaa uliojengwa kwa dhahabu ya babu yake, huambiwa aonyeshe milioni 5.

Hapa Mwafrika Kusini maskini ana neno la kusema, na si haki kumzibia mdomo kwa historia. Katika nchi yake watu zaidi ya 30 katika kila 100 walio katika nguvu kazi hawana kazi, na miongoni mwa vijana hali ni mbaya zaidi. Aliahidiwa nyumba mwaka 1994. Wengine bado wako katika vibanda vya mabati. Akimwona Msomali au Mhabeshi amefungua duka la mtaani ambalo hufunguliwa alfajiri na kufungwa usiku wa manane, akauza mkate kwa bei ndogo kwa kuwa hununua kwa jumla na wenzake, moyo wake huchemka. Anayemcheka kwa hasira hiyo hajapata kukaa bila kazi miaka 10. Tena ni kweli kwamba wapo waajiri, wa mashamba na wa mahoteli, wanaompenda mgeni asiye na karatasi kwa sababu hiyo hiyo kwamba hana karatasi: hawezi kushitaki, hawezi kugoma, hawezi kujiunga na chama cha wafanyakazi. Mgeni wa namna hiyo hushusha ujira wa mwenyeji bila kupenda.

Lakini dawa ya hilo ni kumpa karatasi, ili mwajiri akose wa kumwonea. Dawa iliyochaguliwa ni rungu. Mei 2008 fujo zilianza Alexandra, zikaenea, na watu 62 wakauawa. Msumbiji mmoja alichomwa moto hadharani mbele ya wapiga picha. Ishirini na mmoja kati ya waliouawa walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe, kwani rungu halisomi pasipoti. Liliwapiga Wavenda na Watsonga kwa kuwa lafudhi yao ilikuwa ya mbali na ngozi yao ilidhaniwa nyeusi mno. Fujo zikarudi Durban mwaka 2015, zikarudi Johannesburg mwaka 2019. Mwaka 2024 watoto walipokufa kwa sumu, sita kati yao Naledi katika Soweto, kidole kilielekezwa haraka kwa wenye maduka ya kigeni. Uchunguzi ukataja dawa ya kuua wadudu iitwayo terbufosi, iliyokuwa ikiuzwa mitaani kwa ajili ya panya, na Rais Cyril Ramaphosa akalitangazia taifa kwamba hapakuwa na ushahidi wa mtu kukusudia kuwadhuru watoto. Panya walikuwapo kwa sababu taka hazikuzolewa. Lakini hakuna aliyeandamana kwa sababu ya taka.

Ajabu ni kwamba katika fujo zote hizo hakuna ofisi ya ushauri ya Sandton iliyovunjwa kioo. Ukaguzi wa ardhi wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika mashamba yanayomilikiwa na watu binafsi, Wazungu wanamiliki sehemu 72 katika kila 100. Hilo ndilo swali kubwa la riziki nchini humo, nalo halijibiwi kwa kuchoma duka la mkate. Mwenye mali hutazama kutoka dirishani maskini wawili wakigombea kreti la soda, na usiku hulala vizuri.

Kuna wanaopenda kuwakumbusha Waafrika Kusini fadhila za nchi za mstari wa mbele. Kumbusho hilo lina ukweli, ingawa likitolewa kwa majivuno huchukiza. Tanzania ilitoa ardhi ya Mazimbu mwaka 1977, shule ikajengwa kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya Soweto. Hakuna aliyewadai mtaji. Desemba 1982 makomando wa Pretoria waliingia Maseru usiku wakaua watu 42, na 12 kati yao walikuwa Wasotho wenyewe, watu wasio na kosa ila ujirani. Nchi hizo zilipokutana Lusaka Aprili 1980 kuunda umoja wa uchumi, lengo lilikuwa kujinasua na Afrika Kusini ya makaburu. Ulipogeuzwa jumuiya, Windhoek, mwaka 1992, lengo lilikuwa kuipokea Afrika Kusini huru. Kama jumuiya hiyo ilikusudiwa kuruhusu malori ya maduka makubwa ya Johannesburg yafike Lusaka na Maputo, huku mama wa Bulawayo anayeuza vitambaa vya kufuma akihesabiwa siku 90 mpakani, wananchi waliotoa damu wanastahili kuelezwa hivyo kwa uwazi.

Wala Dar es Salaam haiwezi kusimama mbali ikanyoosha kidole. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uuzaji wa jumla na rejareja, kutengeneza simu, saluni na kuongoza watalii. Sababu zake zinaeleweka. Wachuuzi wa Kariakoo walikuwa wamelalamika muda mrefu kwamba wageni waliokuja kwa jina la uwekezaji wamegeuka wamachinga, na mwekezaji anayekaa kuuza ndala kwa kweli amevunja ahadi yake. Lakini amri haikutofautisha aliyetoka mbali na mtaji wa kuangusha soko zima na Mzambia aliyevuka Tunduma na begi moja. Nchi inayotunga amri ya namna hiyo sharti ikumbuke wana wake. Wapo vinyozi na wachuuzi wa Kitanzania katika miji ya kusini, na wapo vijana waliojificha ndani ya meli, ambao leo hulala chini ya madaraja jirani na bandari ya Cape Town. Kila neno linaloandikwa dhidi ya mchuuzi mgeni katika mji mmoja wa Afrika husomwa na ofisa wa uhamiaji katika mji mwingine.

Jambo linaloudhi kuliko yote ni kwamba dawa imekwisha kuandikwa. Mwaka 1997, Blantyre, viongozi walitia sahihi Itifaki ya Elimu na Mafunzo. Humo waliahidi kutambuliana vyeti, na kutenga angalau nafasi 5 katika kila 100 za vyuo vikuu kwa wanafunzi wa nchi jirani. Mwaka 2005 ikaandikwa Itifaki ya Kurahisisha Uhamaji wa Watu: kuingia bila viza siku 90 kwa mwaka, kisha njia ya kupata ukaazi na ya kufanya shughuli za kiuchumi. Miaka 15 baadaye itifaki hiyo ilikuwa bado haijaanza kutumika, kwa kuwa haikuridhiwa na theluthi mbili za wanachama. Hakuna mkutano wa wakuu ulioikataa. Hakuna waziri aliyesimama bungeni akaipinga. Ililazwa tu, katika majalada, na watu wa majalada.

Na hapo ndipo mtumishi wa serikali anapoguswa. Botswana na Namibia zilionyesha Februari 2023 kwamba raia wanaweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa peke yake, mbingu hazikuanguka. Ni hatua ndogo, kwani kuvuka si kufanya kazi, lakini iliandaliwa na maofisa wa kawaida, wenye kalamu za kawaida. Maofisa kama hao wanaweza kuandika daraja la kibali kwa mfanyabiashara mdogo wa nchi za jumuiya, lenye mtaji unaolingana na cherehani mbili, kodi inayolingana na pato lake, na sharti lile lile zuri la kuajiri wenyeji biashara ikikua. Wanaweza kutengeneza orodha moja ya vyuo vya ualimu vinavyotambuliwa kutoka Mtwara hadi Maseru, ili cheti kipimwe mara moja na kisipimwe tena. Wanaweza kumtoza faini mwajiri wa asiye na karatasi badala ya kumsafirisha mwajiriwa kwa lori na kumwachia mwajiri ujira wake wa mwezi ambao haukulipwa. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji fedha za wafadhili.

Linalohitajika kwanza ni jalada la itifaki ya 2005 kutolewa kabatini katika kila mji mkuu ambao haujairidhia, lipelekwe kwa waziri likiwa na maelezo ya kurasa mbili, na mtu aliyelipeleka aandike chini yake jina lake na tarehe.